Kitalu cha matete kimeziba mwanzoni na tangi linanuka: tung'oe kokoto zote au shida iko kwingine?

Mlinzi_wa_Chemba

Wakuu, naombeni ushauri wa kitaalamu kabla jumuiya haijatumbukia kwenye gharama kubwa.

Ni jumuiya ndogo ya kijijini, kaya 64, watu wapatao 320. Vyoo ni vya kumwaga maji, na maji ya jikoni na bafuni yanaingia kwenye bomba hilohilo. Mita kuu inasoma wastani wa mita za ujazo 16 kwa siku, sawa na lita 50 kwa mtu. Kwenye mtambo hakuna umeme, kila kitu kinashuka kwa mteremko. Kutoka kwenye tangi hadi mwisho wa eneo kuna tofauti ya kimo ya mita 4, na ardhi ya wazi bado ipo. Joto la maji ni kama nyuzi 24.

Mtambo uko hivi:

- Tangi la septiki la chumba kimoja: urefu mita 5, upana 2.5, kina cha maji 1.6. Jumla mita za ujazo 20.
- Kitalu cha matete ambacho maji yanapita chini ya kokoto: urefu mita 25, upana 12, kokoto kina cha sentimita 60. Maji yanaingia upande mmoja wa mita 12 na kutokea upande wa pili.
- Mwisho kuna chemba ya kutokea, halafu mfereji.

Una miaka 3 tangu uanze. Tangi halijawahi kunyonywa. Sasa maji meusi yametuama juu ya kokoto kwa mita 7 za mwanzo, yananuka mayai viza, na matete ya sehemu hiyo yamekuwa ya manjano. Mvua ikinyesha tangi linajaa hadi karibu na mfuniko. Maabara imetupa BOD hizi (kipimo cha oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuozesha uchafu ulio ndani ya maji): yanayoingia tangini 980 mg/L, yanayotoka tangini 720, yanayotoka kitaluni 190.

Mkandarasi anataka kutoa kokoto zote, mita za ujazo 180, na kuweka mpya. Wengine wanashauri tununue unga wa bakteria tumwage chooni. Kipi kinafaa? Na je, maji yakitengemaa yanaweza kumwagilia mboga?

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu, usiguse kokoto bado. Ukiweka kokoto mpya leo, zitaziba kwa sababu ileile iliyoziba hizi, na mara hii itakuwa mapema zaidi kwa kuwa tangi sasa limejaa tangu siku ya kwanza. Twende na hesabu, kwa sababu namba zako zinajieleza zenyewe.

Chukua asilimia 80 ya maji yanayotumika kuwa ndiyo yanayorudi kama majitaka: 16 × 0.8 = mita za ujazo 12.8 kwa siku. Mtu mmoja hutoa takriban gramu 40 za BOD kwa siku. Watu 320 ni kilo 12.8. Gawanya, unapata 1,000 mg/L, na maabara yako imesema 980. Kwa hiyo vipimo vinaaminika.

Hapa ndipo mitambo mingi ya vijijini inapokosewa tangu kwenye karatasi. Msanifu anachukua 250 au 300 mg/L kutoka kwenye miongozo ya miji ambako mtu anatumia lita 150 hadi 200 kwa siku. Uchafu wa mtu ni uleule hata akitumia lita 50. Ni maji tu ndiyo yamepungua, kwa hiyo majitaka yenu ni mazito mara tatu au nne. Anayepima kitalu kwa wingi wa maji peke yake atakijenga kidogo mno. Pima kwa gramu.

Sasa tangi. Kwenye joto kama lenu, tope hujikusanya kwa takriban lita 40 kwa mtu kwa mwaka baada ya sehemu yake kuoza. 320 × 0.04 = mita za ujazo 12.8 kwa mwaka. Kanuni ya kawaida ni kunyonya tope likifika theluthi moja ya tangi, na theluthi ya 20 ni 6.7. Maana yake tangi hili lilitakiwa kunyonywa kila baada ya miezi 6. Nyinyi mmekaa miaka 3. Katika muda huo tope la kama mita za ujazo 38 lilitakiwa kukaa kwenye tangi la 20. Lisiloenea limekwenda kitaluni.

Fanya kipimo hiki kabla ya jambo lolote: chukua mti mrefu ulionyooka, ufunge taulo jeupe kwa mita moja na nusu ya chini, ushushe taratibu hadi sakafuni karibu na upande wa kutokea, subiri dakika chache, uuchomoe taratibu. Taulo litabaki na doa jeusi lenye chembechembe hadi pale tope linapoishia. Kwa ukoko wa juu, pigilia kipande cha ubao chini ya mti mwingine, upenyeze chini ya ukoko kisha uinue mpaka usikie umegusa. Fanyia kazi hii juu ya mfuniko. Mtu asiingie tangini hata kama limenyonywa, hata kwa dakika moja: haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka mayai viza, ikiwa nyingi pua inaacha kuinusa, na mtu anaanguka kabla hajajua. Anayeruka ndani kumwokoa huanguka naye.

Kitalu nacho kimebebeshwa kupita kiasi. Kinachotoka tangini ni 720 × 12.8 = kilo 9.2 za BOD kwa siku. Gawanya kwa eneo la 300, unapata gramu 31 kwa mita ya mraba kwa siku. Kwa vitalu vya namna hii ningebaki kwenye gramu 6 hadi 8. Kuna kipimo cha pili ambacho watu wanakisahau, nacho ni mzigo kwenye uso wa kuingilia: upana mara kina, 12 × 0.6 = mita za mraba 7.2. Kilo 9.2 kwa 7.2 ni karibu gramu 1,280 kwa mita ya mraba ya uso huo, wakati kikomo cha kawaida ni 250. Kitalu kirefu chembamba huziba mdomoni hata kama eneo lake lote linatosha. Chenu kina makosa yote mawili.

Kuhusu unga wa bakteria: kinyesi kina bakteria wa kutosha tayari. Hakuna unga unaoyeyusha mchanga, nyuzi na tope lililokwisha oza. Hiyo hela iwekeni kwenye gari la kunyonya.

---

Fundi_Mteremko

Naunga mkono hapo juu, naongeza upande wa ujenzi.

Tangi la chumba kimoja lenye bomba la kutokea wazi ni mlango wa uchafu. Angalia kwanza kama upande wa kutokea kuna tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T. Mguu wake wa chini unatakiwa ushuke kama asilimia 40 ya kina cha maji, kwenu ni sentimita 60 hadi 65 chini ya uso wa maji, na mguu wa juu upande juu ya ukoko ukiwa wazi. Mara nyingi tii hizi huvunjika wakati wa kunyonya kwa kugongwa na mpira wa gari, au fundi hakuziweka kabisa. Bila tii, mafuta yanayoelea yanakwenda moja kwa moja kitaluni.

Ukifungua mfuniko, kagua pia upande wa chini wa slabu. Ukikwaruza kwa bisibisi ukakuta zege limekuwa jeupe, laini, linabanduka, basi gesi imeshageuka asidi na inakula saruji. Slabu ikifika hapo nondo zinaonekana punde, na mtu anayekanyaga juu yuko hatarini. Bomba la kupumulia la inchi 4, lipande juu ya paa la nyumba iliyo karibu na lifungwe wavu wa nzi, hupunguza harufu na gesi vyote viwili.

Sasa suluhisho la kudumu. Tangi la sasa libaki kuwa la kutuamisha, na baada yake mjenge tangi la vizuizi: vyumba 5 mfululizo, maji yanashuka kwa bomba hadi karibu na sakafu ya kila chumba, yanapanda kupitia tope lenye bakteria hai, yanamwagikia chumba kinachofuata. Tangi la kawaida hupunguza BOD kwa asilimia 30 hadi 50. Hili likijengwa vizuri, pamoja na la kutuamisha, asilimia 70 inafikika kwenye joto lenu.

Vipimo kwa mzigo wenu:

Kila chumba kiwe na urefu wa mita 1, upana 2.2, kina cha maji 2. Vyumba 5 ni mita za ujazo 22, maji yanakaa humo saa 41. Kinachotawala hapa ni kasi ya maji kupanda. Wastani wa saa ni 12.8 ÷ 24 = 0.53, lakini asubuhi mtiririko wa jumuiya ndogo hufika mara 3 ya wastani, yaani mita za ujazo 1.6 kwa saa. Gawanya kwa 2.2: kasi ni mita 0.73 kwa saa. Isizidi mita 1. Ikizidi, tope linanyanyuka na kutoka nje, na hapo tangi linakuwa bomba pana tu.

Kila ukuta wa kati uwe na mabomba 4 ya inchi 4 yaliyogawanywa sawa kwa upana wa mita 2.2, yaishie sentimita 20 juu ya sakafu. Bomba moja katikati halitoshi, maji yatapanda upande mmoja na kona zitakufa. Midomo ya juu ya mabomba yote ya ukuta mmoja iwe levo moja. Pima levo kwa mpira angavu uliojazwa maji, usiamini macho. Kila ukuta ushuke sentimita 3 hadi 5 kuliko uliotangulia. Kila chumba kiwe na mfuniko wake, vinginevyo hutaweza kupima tope wala kunyonya.

Plasta ya ndani iwe tabaka mbili, ya mwisho niru (uji wa saruji tupu). Kabla ya kufukia, jaza maji, acha siku nzima kuta zinywe, jaza tena, weka alama, angalia kesho yake. Maji yakishuka, tafuta ufa sasa. Kama maji ya ardhini yako juu msimu wa mvua, tangi tupu linaweza kunyanyuka kutoka ardhini. Sakafu itoke nje ya kuta kama sentimita 30 ili udongo uikalie, na msilinyonye lote msimu huo.

---

Kokoto_na_Matete

Nizungumzie kitalu chenyewe, kwa sababu mkandarasi atarudi na hoja ya mita za ujazo 180.

Chimba vishimo vya majaribio kwenye mstari wa katikati: mita 1 kutoka mwanzo, kisha 3, 5, 8, 12 na 20. Kila kimoja kifike sakafuni, lakini usitoboe plastiki ya kuzuia maji iliyotandikwa chini. Sentimita 15 za mwisho chota kwa mkono. Chukua kokoto za kila shimo kwenye chupa ya plastiki angavu, jaza maji, tikisa. Utaona wazi pale maji yanapobadilika kutoka tope zito jeusi hadi ya kijivu mepesi. Hapo ndipo mpaka wa kuziba. Kwa maelezo yako hautakuwa mbali sana na mita 7 au 8, na ukipiga hesabu, nafasi kati ya kokoto kwenye mita 7 hizo ni 7 × 12 × 0.6 × 0.35, kama mita za ujazo 17.6. Uchafu uliopotea tangini unapata mahali pa kukaa bila taabu.

Kwa hiyo kokoto za kutoa ni kama mita za ujazo 50 hadi 60. Na hizo hazitupwi: zioshwe kwenye wavu, maji ya kuoshea yarudishwe kwenye kitanda cha kukaushia tope, zirudishwe. Zilizokuja na vumbi la kuponda mawe ndizo msirudishe. Kokoto ambazo hazikuoshwa kabla ya kuwekwa ni chanzo kikubwa cha kuziba ambacho hakitajwi kwenye ripoti, kwa sababu vumbi lote hushuka sakafuni wiki za kwanza.

Mjenge kitalu cha pili kabla ya kugusa cha kwanza. Tangi la vizuizi likifanya kazi, kitakachotoka ni kilo 3.84 kwa siku, sawa na 300 mg/L. Kwa gramu 8, unahitaji mita za mraba 480. Mnazo 300. Kitalu cha pili cha upana wa mita 13 na urefu wa 15 kinaongeza 195, jumla 495. Na upana wa pamoja unakuwa mita 25, hivyo uso wa kuingilia ni mita za mraba 15, mzigo gramu 256. Umefika kwenye kikomo, na mmepata jambo jingine lenye thamani kubwa: mnaweza kupumzisha kitalu kimoja. Kitalu kilichoziba kikikaushwa wiki 4 hadi 6, hewa inaingia, utando wa bakteria unaoza na sehemu ya njia inarudi bila koleo. Mchanga na vumbi haviondoki kwa njia hiyo, ndiyo maana vishimo vya majaribio ni muhimu.

Maelezo ya ujenzi: sakafu ishuke asilimia 1, ishindiliwe, iwekwe mchanga laini sentimita 5, kisha plastiki nzito ya kuzuia maji. Mita 1 ya mwanzo na ya mwisho weka mawe ya milimita 40 hadi 80. Katikati kokoto za milimita 10 hadi 16, kina sentimita 60. Uso wa juu uwe levo kabisa, mteremko unabaki chini tu. Matete manne kwa kila mita ya mraba. Mafunjo nayo yanaota vizuri, ila yanadondosha majani mengi.

Bomba la kugawia maji lisizikwe. Liweke juu ya mawe, likiwa na tii zinazotazama juu kila mita 1 hadi 1.5, mdomo wa kila tii ukiweza kuzungushwa kidogo kurekebisha kimo. Bomba lililozikwa lenye matundu likiziba hakuna anayejua hadi maji yatokee juu. Kabla ya vitalu kuwe na kisanduku cha kugawa chenye midomo miwili ya upana sawa iliyopimwa kwa pima maji, ili kila kitalu kipate nusu.

Kwenye chemba ya kutokea weka kona inayozunguka yenye kipande cha bomba. Ukiilaza maji yanashuka, ukiisimamisha yanapanda. Kawaida maji yakae sentimita 5 hadi 10 chini ya uso wa kokoto. Wiki za kwanza baada ya kupanda yapandishe hadi usawa wa kokoto ili mizizi ishike na magugu ya nchi kavu yafe. Maji yanayoonekana juu siku zote ndiyo yanayoleta mbu.

---

Mlinzi_wa_Chemba

Shukrani sana wakuu. Tumepima kwa taulo: tope mita 1.1, ukoko sentimita 20. Tii ya kutokea haipo, ni bomba tupu. Chupa za kokoto: hadi mita 5 ni nyeusi tii, mita 8 ni kijivu, 12 na 20 ni safi.

Maswali mawili. Gari la kunyonya likija, tope tulipeleke wapi? Hakuna mtambo wa kupokea karibu. Na lile la mvua?

---

Hesabu_Kwanza

Kina cha maji 1.6, toa 1.3, imebaki sentimita 30. Mara eneo la 12.5 ni mita za ujazo 3.75. Maji yanakaa saa 7 kwa wastani, na asubuhi kwenye kilele saa 2 na dakika chache tu. Ndiyo maana tangi linapunguza asilimia 27 peke yake.

Mvua: tangi kujaa haraka hivyo ina maana kuna mifereji ya mapaa au chemba za chini zinazoingiza maji. Nenda kaya kwa kaya siku kavu, mwaga ndoo ya maji yenye rangi ya chakula kwenye kila mfereji wa paa, mwenzako asimame kwenye chemba ya chini. Rangi ikitokea, bomba hilo likatwe lipelekwe mtaroni. Halafu kipimo cha pili: fungua chemba saa nane usiku siku isiyo na mvua na siku baada ya mvua. Saa hiyo karibu hakuna anayetumia maji, kwa hiyo tofauti ya mtiririko ni maji ya ardhini yanayopenya kwenye viungo vya bomba. Inua pia midomo ya chemba zilizo kwenye njia ya maji, sentimita 15 juu ya ardhi. Bila kukata maji ya mvua, kasi ya kupanda kwenye vyumba vile vitano itavuka mita 1 na tope lote la thamani litasombwa siku moja.

Na mafuta: kila jikoni, au kila kundi la nyumba tatu nne, liwe na mtego wa mafuta wa lita 60 au zaidi kabla ya kuungana na bomba la choo. Wenye nyumba wachote ukoko kila wiki. Mtego usiosafishwa haufanyi kazi yoyote.

---

Tope_Mkavu

Tope: jengeni vitanda vya kukaushia palepale, upande ambao upepo unaelekea, angalau vitatu ili viwe vinapokezana. Kila awamu ya miezi 6 mtatoa mita za ujazo 6.7. Mkimwaga kwa kina cha sentimita 25, kitanda kimoja ni mita za mraba 27, tuseme 9 kwa 3. Mara hii ya kwanza mna zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo mtatumia vyote vitatu.

Kutoka chini: sakafu ya zege yenye mteremko kuelekea bomba la matundu, mawe ya milimita 20 hadi 40 kwa sentimita 25, kokoto ndogo sentimita 10, mchanga mkubwa uliooshwa sentimita 20. Mahali tope linapoangukia weka slabu ndogo, la sivyo mpira utachimba shimo kwenye mchanga. Maji yanayochuja bado ni majitaka makali, yarudi kwenye tangi. Mchanga ukiwa na vumbi, tope halichuji, linakaa wiki kadhaa likinuka na kuleta nzi. Kitanda kikiwa na paa la plastiki msimu wa mvua, kazi inaenda haraka zaidi.

Likipasuka na kubebeka kwa koleo, lihamishieni kwenye banda la kuhifadhi. Kukauka hakuui mayai ya askarisi, ile minyoo mikubwa ya tumboni. Ndiyo sugu kuliko vimelea vyote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka tope lihifadhiwe zaidi ya mwaka 1 pale joto linapozidi nyuzi 20, na mwaka 1.5 hadi 2 pale lilipo chini ya hapo, bila kuongeza tope bichi juu yake. Hesabu inaanza siku ya mwisho ya kuongeza. Andikeni tarehe kwenye ukuta wa kila sehemu.

Msilinyonye tangi likawa tupu kabisa. Acheni sentimita 15 hadi 20 chini. Tope bichi likishakuwa na bakteria waliokomaa ndilo mbegu: wakati wa kuanzisha tangi jipya, wekeni ndoo kadhaa kwenye kila chumba. Bila mbegu, vyumba huchukua miezi 3 hadi 6 kufikia nguvu yake. Lisiwe limekauka wala kuchanganywa na dawa ya chooni.

---

Bwawa_Kimya

Nina maoni tofauti kidogo kuhusu mboga. Mmeshughulikia BOD vizuri, lakini BOD haimwumizi mlaji wa kachumbari. Majitaka ghafi yana bakteria wa kinyesi milioni 10 hadi 100 kwa kila mililita 100. Kitalu cha matete kinawapunguza kwa mara 10 hadi 100. Mwongozo wa 1989 wa Shirika la Afya Duniani ulitaka wasizidi 1,000 kwa mililita 100 kwa mboga zinazoliwa mbichi, na yai la mnyoo lisizidi 1 kwa lita. Kitalu peke yake hakifiki huko, hata kama maji yanaonekana angavu kwenye glasi.

Ongezeni mabwawa mawili ya kukomaza baada ya vitalu, kila moja kina cha mita 1 na siku 5 za kukaa: mita za ujazo 64, kwa hiyo uso wa mita za mraba 64. Kinachoua ni jua, pamoja na mwani unaopandisha pH mchana. Ndiyo maana kina hakizidi mita 1 na mti usiwepo karibu. Maji yaingie kona moja na kutokea kona ya mkabala, sentimita 20 chini ya uso ili mwani unaoelea usitoke. Kingo ziwe za mawe au zege. Majani yakiota ukingoni ndipo mbu wanapozalia. Mzunguko wote uzibwe uzio, kina cha mita 1 kinatosha kumzamisha mtoto.

Hata hivyo msitegemee mabwawa pekee. Mwongozo wa 2006 unahesabu vizuizi kwa pamoja: umwagiliaji wa matone kwa mazao marefu, kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, kuosha, kumenya, na kupika ambako kunaua karibu wote. Ningeanza na miti ya matunda, majani ya mifugo yanayokatwa na kukaushwa, na mahindi. Saladi na nyanya zisubiri vipimo vya maabara.

Jambo jingine: kitalu cha namna hii hakina oksijeni, kwa hiyo naitrojeni inatoka ikiwa bado amonia. Shambani ni mbolea. Mtoni inaua samaki. Mfereji wenu uende shambani au kwenye mtaro wa kupenyeza ardhini ulio mbali na visima.

---

Kokoto_na_Matete

Nakubali kuhusu mabwawa, kwa sharti kwamba vitalu vitangulie; majitaka ya 300 mg/L yakienda bwawa la kina kifupi yatanuka.

Kwa faida ya wengine watakaosoma: kwa jumuiya inayoanza upya na yenye mteremko mkubwa, kuna mfumo wa Kifaransa wa vitalu vya wima unaopokea majitaka ghafi bila tangi la septiki. Hatua ya kwanza mita za mraba 1.2 kwa mtu katika vitalu 3, kimoja kinalishwa siku 3 na nusu, viwili vinapumzika siku 7. Hatua ya pili 0.8 kwa mtu katika vitalu 2. Tope linabaki juu na kutolewa baada ya miaka 10 au zaidi. Kwenu hatua ya kwanza ingekuwa 384, kitalu kinachofanya kazi 128. Kazi ngumu ni kulisha: maji lazima yafunike uso wote kwa mkupuo, kwa hiyo saifoni (kifaa kinachomwaga maji chenyewe kwa mkupuo bila pampu) itoe mita za ujazo 3.2 kwa kasi ya lita 18 kwa sekunde, mara 4 kwa siku. Saifoni ikikwama na maji yakachuruzika tu, kona moja inaziba na nyingine zinabaki kavu. Inahitaji pia mita 1.5 hadi 2 za mshuko kwa kila hatua, na mita zenu 4 zingeisha hapo. Kwa kuwa tangi na kitalu mnavyo tayari, si njia yenu.

Mpangilio wa kazi ningeufanya hivi. Wiki hii: tii ya kutokea iwekwe na maji ya mapaa yakatwe. Kisha vitanda vya tope, maana bila hivyo gari halina pa kumwaga. Kisha kunyonya, huku mkihifadhi mbegu kwenye mapipa yenye mifuniko isiyobana kwa ajili ya gesi. Halafu tangi la vizuizi, halafu kitalu cha pili. Kitalu cha kwanza kipumzike wiki 6, mtoe mita 6 za mwanzo, mwoshe, mrudishe na mawe mapya ya kuingilia. Mabwawa yawe ya mwisho.

Pimeni BOD tena miezi 4 baada ya vyumba kuwekwa mbegu, kwenye sehemu tatu: kutoka tangi la zamani, kutoka chumba cha tano, kutoka vitaluni. Chumba cha tano kikizidi 400, fungueni vifuniko vyote vitano na mpime tope kwa taulo kabla ya kulaumu kitu kingine. Tope likiwa nene kwenye chumba cha tano na jembamba kwenye cha kwanza, maji yanapita kwa kasi, na hapo mrudi kukagua mapaa.

---

Mlinzi_wa_Chemba

Nimeelewa, mkandarasi tumemsimamisha. Tii ya inchi 4 yenye mguu wa sentimita 65 inawekwa kesho kupitia mfuniko wa upande wa kutokea, fundi akiwa juu, bila kuingia. Nikipata matokeo ya rangi kwenye mapaa nitayaweka hapa.